Kimbunga gani, kaunti gani? Ombi kwa mhariri na kwa wenye ndugu Marekani

Ndugu Mhariri,

Kila upepo mkali unapoua watu Marekani, magazeti yetu ya Kiswahili huandika "Kimbunga chaua Marekani", na muda si mrefu simu zinaanza kulia Louisville, Nashville, Dallas, Des Moines, hata Phoenix iliyo mbali kabisa na tukio. Wanaopiga ni mama aliye kambini Nyarugusu, kaka aliye Uvira, shangazi aliye Eldoret. Hawana kosa. Kichwa cha habari hakikuwaambia ni upepo wa aina gani, jimbo gani, wala kaunti gani, yaani sehemu gani ya jimbo. Tunaandika kuomba mambo hayo matatu yachapwe kila mara, na kuwaeleza wasomaji namna ya kumtafuta ndugu siku hiyo bila kumwongezea hatari.

Tuanze na neno lenyewe. Kimbunga tunachokijua sisi ni cha Bahari ya Hindi: Kenneth mwaka 2019, Hidaya kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Huzaliwa baharini, hupewa jina, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hukifuatilia kabla hakijafika pwani. Upana wake ni mamia ya kilomita. Kinachoua katikati ya Marekani ni kitu kingine kabisa: nguzo ya upepo unaozunguka, inayoshuka kutoka katika wingu la radi mpaka ardhini. Haina jina. Upana wake mara nyingi ni makumi au mamia ya mita tu, na nyingi hazidumu hata dakika kumi. Onyo lake huja kama dakika kumi hivi kabla, na mara nyingine haliji kabisa. Kiswahili kina neno la upepo wa namna hiyo: kisulisuli, ndio huo aliopaa nao Eliya. Wanaoona kisulisuli ni kile kidogo cha vumbi uwanjani waandike tonado. Sisi hatugombei neno, tunagombea lisiandikwe "kimbunga" tupu.

Tofauti hii inagusa uhai wa watu. Kimbunga cha bahari ushauri wake ni kuhama mapema kwenda mbali na maji. Mtu aliyekua na ushauri huo akiambiwa kwa simu "kimbunga kinakuja, ondokeni", atawapakia watoto kwenye gari. Mei 31, 2013, karibu na El Reno katika jimbo la Oklahoma, kilipita kisulisuli kilichofikia upana wa kilomita 4.2, kipana kuliko vyote vilivyowahi kupimwa Marekani. Watu wengi wa eneo la Oklahoma City walikuwa wameingia barabarani kukikimbia, magari yakasongamana. Wote waliouawa na kisulisuli chenyewe walikuwa ndani ya magari. Kwa hiyo ndugu aliye mbali asiseme kamwe "kimbieni". Aseme "shukeni chini, ingieni ndani".

Wembamba wa kisulisuli una maana nyingine, na hii ingewatuliza wengi. Mtaa mmoja unafagiliwa mpaka msingi, na mtaa wa pili nguo bado zinaning'inia kwenye kamba. Ukisikia mji wa ndugu yako umepigwa, uwezekano mkubwa ni kwamba nyumba yake haikuguswa. Lakini umeme umekatika mji mzima na minara ya simu imeanguka au imezidiwa, basi aliye salama na asiye salama wote wananyamaza sawasawa. Kutopatikana kwa simu saa za mwanzo hakukuambii chochote.

Sasa majina ya mahali. Usiku wa kuamkia Desemba 11, 2021, mwezi ambao wengi hawautazamii kuwa na hatari hiyo, visulisuli vilipita Kentucky na majimbo ya jirani. Bowling Green, mji wenye Wakongo wengi waliopitia kambi za Tanzania na nchi jirani, ulipigwa baada ya saa saba usiku, na watu 17 walifariki katika kaunti ya Warren. Miongoni mwao zilikuwamo familia za wakimbizi kutoka Bosnia. Kaunti inayoitwa Warren ipo pia Ohio, ipo Missouri, na katika majimbo mengine kadhaa. Louisville iko katika kaunti ya Jefferson, na Birmingham ya Alabama nayo iko katika kaunti ya Jefferson, jimbo lingine kabisa. Mei 16, 2025, usiku, kisulisuli kilipiga miji ya Somerset na London na kuua watu wasiopungua 19 katika Kentucky. London hiyo ni ya kaunti ya Laurel, jimbo la Kentucky, wala si London ya Uingereza. Mwandishi akiacha jina la jimbo, anawatia hofu watu wa nchi nyingine.

Na saa. Ikiandikwa "9 p.m." kule, si saa tisa usiku, ni saa tatu usiku. Kosa hilo tumeliona likichapwa. Tena Kentucky yenyewe ina saa mbili tofauti: Louisville, London na Somerset zinafuata saa za mashariki, Bowling Green na Mayfield saa za kati. Kati ya Machi na mwanzo wa Novemba, Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya saa za mashariki kwa saa 7 na mbele ya saa za kati kwa saa 8. Miezi ya baridi ongeza saa moja. Bukavu na Lubumbashi punguza moja.

Hesabu hiyo ina faida ambayo watu hawaitumii. Visulisuli vya usiku huua kuliko vya mchana, kwa sababu watu wamelala, giza linavificha, na ving'ora vya mjini viliwekwa kwa ajili ya walio nje, si kwa aliyelala ndani madirisha yamefungwa na feni inazunguka. Bowling Green ilipopigwa, Dar es Salaam ilikuwa imepita saa nne asubuhi. Ndugu wa Afrika walikuwa macho, simu mkononi. Mtu mmoja katika ukoo, mwenye intaneti ya uhakika, anaweza kupewa kazi ya kuwa mlinzi wa usiku wa walio Marekani. Kazi yenyewe ni nyepesi lakini inataka utaratibu.

Mlinzi huyo awe na namba ya posta ya ndugu yake, ile ya tarakimu tano, na aiandike katika tovuti ya weather.gov. Atakutana na maneno mawili ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuyaita yote "tahadhari", na hapo ndipo kosa kubwa lilipo. "Tornado Watch" maana yake hali ya hewa inaruhusu kisulisuli kutokea. Hutolewa kwa eneo kubwa lenye kaunti nyingi na hudumu saa kadhaa. "Tornado Warning" maana yake kisulisuli kimeonekana kwa macho, au rada imeona mzunguko wake, na eneo ni dogo, sehemu ya kaunti moja au mbili. Tunapendekeza la kwanza liitwe angalizo na la pili onyo, na gazeti lishike hayo bila kubadili. Angalizo likitoka jioni yao, mlinzi atume ujumbe: "Kuna angalizo kaunti yenu mpaka saa nane usiku. Chajini simu, viatu viwe karibu na kitanda, walio kwenye nyumba za trela waende kwa rafiki sasa hivi." Onyo likitoka, asiandike, apige. Simu isizidi sekunde ishirini: "Amkeni, onyo limetoka kaunti yenu, shukeni chini." Kisha akate. Asiulize habari za watoto, asianze kusali na mtu kwenye laini. Dua ataendelea nayo peke yake huku wao wakishuka.

Ili simu hiyo ilie, namba ya mlinzi iwekwe kwenye orodha ya namba zinazoruhusiwa hata simu ikiwa imewekwa isisumbue usiku ("Do Not Disturb"). Na mlinzi asiwe tegemeo pekee. Simu za Marekani hupokea tahadhari za serikali kwa mlio mkali. Wengi wamezima mlio huo kwa sababu uliwashtua watoto, na wengine hawausomi kwa sababu ujumbe huja kwa Kiingereza au Kihispania. Uwashwe tena, katika mipangilio ya arifa za dharura. Bora zaidi ni redio ya hali ya hewa ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la hali ya hewa na bahari, inayouzwa kuanzia kama dola 30, yenye betri za akiba. Inapangwa kwa msimbo wa kaunti na hukaa kimya mpaka onyo litoke, kisha hupiga kelele ya kumwamsha mtu. Isipopangwa kaunti italia kwa maonyo ya kaunti za mbali, na usiku wa tatu mwenye nyumba ataizima. Hilo ndilo linaloharibu redio nyingi.

Onyo likitoka, lisingojewe la pili. Joplin, Missouri, Mei 22, 2011, ving'ora vililia dakika zaidi ya ishirini kabla kisulisuli hakijagusa ardhi. Tathmini iliyofanywa baadaye ilikuta wengi walitaka uthibitisho mwingine kwanza: waone wenyewe, wasikie kwenye televisheni, wamuulize jirani. Watu 158 waliuawa.

Pa kwenda ni chumba cha chini ya ardhi kama kipo. Kama hakipo, ni ghorofa ya chini kabisa, katikati ya nyumba, pasipo na dirisha: bafuni, stoo, chini ya ngazi. Aliye ghorofa ya tatu ashuke, akubaliane mapema na jirani wa chini amfungulie, au akae kwenye korido ya ndani. Wanaojilaza ndani ya sinki la kuogea wajifunike godoro. Helmeti ya baiskeli ya mtoto ivaliwe, kwa sababu kinachoua ni vitu vinavyorushwa, vinavyopiga kichwa. Viatu vivaliwe kabla, maana baada ya hapo sakafu ni misumari na vioo. Madirisha yasifunguliwe "kupunguza presha". Huo ni uzushi wa zamani, unampotezea mtu sekunde na kumweka mbele ya kioo. Nyumba ya trela haikai watu hata ikiwa imefungwa kwa nyaya ardhini. Wa trela huondoka wakati wa angalizo, si wakati wa onyo, kwa kuwa wakati wa onyo atakuwa njiani. Aliyekutwa barabarani asijifiche chini ya daraja la juu: upepo hubanwa pale na kuongezeka, na Mei 3, 1999 huko Oklahoma watu walikufa wakiwa wamejificha hivyo. Akikosa jengo lolote, abaki na mkanda umefungwa, ainame chini ya usawa wa dirisha akifunika kichwa, au alale bondeni palipo chini kuliko barabara.

Tukio likishapita, ndipo kosa la upande wetu linapoanza: ndugu sitini wanampigia mtu mmoja. Kila mlio unawasha skrini na kula chaji, na simu iliyo mahali mnara umeanguka tayari inajimaliza kwa kutafuta mtandao. Mtu aliyefukiwa anaihitaji chaji hiyo kuita waokoaji. Tumeni SMS ya kawaida, moja. SMS hupenya pale simu na WhatsApp zinaposhindwa, kwa sababu ni ndogo na husubiri nafasi yake kwenye mtandao. Kwenye WhatsApp, tiki moja ina maana ujumbe haujafika kwenye simu, basi. Haina maana ya kifo. Tiki mbili zina maana umefika, lakini hazisemi nani ameishika simu.

Aliyepatwa na kisulisuli naye amwandikie mtu mmoja tu, waliyekubaliana mapema, aliye jimbo jingine la Marekani, kwa sababu dhoruba haiwezi kuzima Kentucky na Arizona kwa pamoja. Huyo ndiye atakayewajulisha wengine. "Tuko salama" haitoshi. Imetokea mara nyingi "tuko" ikawa ni walio nyumbani, na kijana aliye zamu ya usiku kiwandani akahesabiwa bila kuwapo. Ujumbe utaje idadi, nani hayupo, mahali, chaji na saa ya ujumbe ujao: "Tuko 5 wazima. Baraka yuko kazini hatujampata. Tunaenda shule iliyo karibu. Chaji 30. Nitaandika saa nne."

Kama anwani iko kwenye njia ya kisulisuli na hakuna neno kwa saa kadhaa, anzeni kutafuta, kwa mpangilio. Kwanza kanisa au msikiti wake, msimamizi wa nyumba za kupanga, na mwajiri, ambaye anajua nani aliingia zamu. Kisha polisi wa kaunti. Namba ya dharura ya Marekani, 911, haifiki huko ikipigwa kutoka Afrika, na hata binamu aliye Iowa akiipiga atapata kituo cha Iowa. Atafute namba ya kawaida ya polisi au ya sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) wa kaunti husika, yenye tarakimu kumi, aombe "welfare check", yaani askari afike mlangoni kumtazama mtu. Ataulizwa anwani kamili na namba ya chumba. Bila namba ya chumba, katika majengo ya familia mia moja, askari hana pa kubisha. Hospitali nayo, ukiuliza kwa jina kamili, kwa kawaida inaweza kukuambia kama mtu yupo na hali yake kwa ujumla, ikiwa mwenyewe hakukataza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani hupokea maombi ya kutafuta ndugu kwa 1-800-733-2767. Aliye Kenya, Tanzania au Kongo aende kwa Msalaba Mwekundu wa nchi yake, aulize huduma ya kuwaunganisha wanafamilia. Lugha isimzuie mtu: aseme "Swahili interpreter, please" na asubiri kwenye laini. Mara nyingi mkalimani huunganishwa kwa simu.

Hapo majina yanaleta taabu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkongo mwenye majina matatu huandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye hati za ukimbizi na mpangilio mwingine kazini, na nyumbani anaitwa Mama Fulani, jina ambalo hakuna hospitali inayolijua. Wakimbizi wengi wameandikwa kuzaliwa Januari 1, hivyo tarehe ya kuzaliwa haiwatenganishi. Andikeni leo, kwenye karatasi na si kwenye simu tu: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio ule ule, anwani na namba ya chumba, namba ya posta, kaunti, jimbo, kazini na zamu yake, shule za watoto, dawa anazotumia kila siku. Nakala moja ikae Afrika, moja kwa yule wa jimbo jingine.

Jambo la mkaa tunaliomba litangazwe kwa herufi kubwa. Umeme ukikatika Desemba kuna baridi kali, na ndugu wa nyumbani kwa nia njema hushauri wawashe jiko la mkaa ndani. Nyumba za kule zimezibwa zisipitishe baridi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na huua familia nzima usingizini. Jenereta nayo ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha na milango, wala si gereji hata mlango ukiwa wazi.

Na picha. Video za zamani huzungushwa upya kila tukio, na orodha za "waliofariki" husambaa kwenye makundi kabla familia hazijaarifiwa. Tunaomba gazeti lisichape jina la marehemu mpaka ofisi ya kaunti ilitaje au familia ikubali. Namba ya nguvu ya kisulisuli, ile ya EF0 hadi EF5, nayo isichapwe siku ya kwanza: hutolewa baada ya wataalamu kutembea mtaa kwa mtaa wakikagua uharibifu, na hiyo huchukua siku moja au zaidi.

Habari ya namna hii ikiingia tena chumba cha habari, mistari miwili ya mwanzo ingeweza kusomeka hivi: "Kisulisuli kimepiga mji wa London, kaunti ya Laurel, jimbo la Kentucky, saa tano usiku kwa saa za huko, sawa na saa kumi na mbili asubuhi ya Afrika Mashariki. Miji ya Louisville na Bowling Green haiko katika kaunti hiyo." Mama wa Nyarugusu mwenye mtoto Louisville akisoma hapo ataishusha simu.

Wakalimani wa kujitolea,
Bowling Green, Kentucky, Marekani